Jumamosi Ulikuwa Uwanja Gani? Mwongozo wa Kuwa Mtafiti wa Tiba ya Michezo Nairobi

Wanafunzi wanaobisha hodi ofisini kwangu wakitaka kuwa watafiti wa tiba ya michezo huanza kwa kuulizia mashine. Chuo kina ile ya kupimia hewa anayovuta mkimbiaji? Kuna kifaa cha kupima lakteti kwenye damu? Nami huwauliza swali langu: Jumamosi iliyopita ulikuwa uwanja gani? Wengi walikuwa nyumbani wakitazama ligi ya Uingereza.

Mashine zina kazi yake, na nitazifikia. Lakini katika jiji hili, ambako huwezi kupita vituo vichache vya matatu bila kuona vijana wakifukuza mpira kwenye vumbi, kinachokosekana ni rekodi. Timu nyingi nilizokaa nazo hazikuwa na mtu wa kuandika nani ameumia, lini, na alirudi uwanjani baada ya siku ngapi. Ukijaza daftari moja vizuri kwa misimu miwili, una utafiti ambao hata mgeni mwenye maabara kubwa atakuja kukuuliza.

Hatua ya kwanza: chagua mlango

Milango ni mitatu. Wa kwanza ni udaktari: miaka sita ya shahada, mwaka wa mafunzo hospitalini, leseni, kisha ubingwa, mara nyingi wa mifupa. Wa pili ni fiziotherapia, unayoweza kuianza kwa stashahada pale KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, au kwa shahada ya miaka minne chuoni. Wa tatu ni sayansi ya mazoezi na michezo, ambayo Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa kimeifundisha kwa miaka mingi. Ndiko alikofundisha Profesa Mike Boit, aliyetwaa shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, kisha akaendelea na masomo hadi uzamifu. Mwanafunzi akiniambia kwamba mwanariadha na msomi hawakai katika mwili mmoja, humtajia jina hilo.

Mimi nilipitia mlango wa pili. Kama shabaha yako ni utafiti, usiingie udaktari kwa sababu ya heshima ya koti jeupe. Utatumia miaka kumi ukijifunza mambo mengi mazuri ambayo hutayagusa tena. Ila ujue mipaka yako. Asiye na leseni hatoi damu, haandiki dawa, wala hamwambii mchezaji kwamba moyo wake uko salama. Utafiti mzuri unahitaji watu wa milango yote mitatu wakae meza moja.

Uwanjani nyote mtaitwa "daktari". Zamani nilikuwa nikiwasahihisha kila mara. Siku hizi nasahihisha pale tu mtu anapotaka nimwandikie dawa.

Hatua ya pili: jifunze kuhesabu saa

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Kocha akikwambia, "Msimu huu tumepata majeruhi kumi na wawili," hajakwambia kitu bado. Kumi na wawili katika mechi ngapi? Katika muda gani wa kuwa uwanjani? Utafiti wa majeraha ya michezo husema idadi ya majeraha kwa kila saa 1,000 za mchezo, na saa hizo ni za wachezaji, hazihesabiwi kwa saa ya ukutani.

Chukua raga ya wachezaji kumi na watano, kama ile ya Kenya Cup, ligi kuu ya raga nchini. Timu moja ina watu 15 uwanjani kwa dakika 80. Zidisha, ugawe kwa 60: ni saa 20 kwa kila mechi. Mechi 50 ndizo zinazokupa saa 1,000. Sasa tuseme timu ya kwanza imecheza mechi 30 na kupata majeraha 12. Hizo ni saa 600, yaani majeraha 20 kwa saa 1,000. Timu ya pili imecheza mechi 10 tu na kupata majeraha 6. Saa 200, majeraha 30 kwa saa 1,000. Ile iliyoonekana salama ndiyo yenye hatari zaidi. Hesabu hii ni ya darasa la nane, na bado nimesoma tasnifu za uzamili zisizokuwa nayo.

Soka ni watu 11 kwa saa moja na nusu, yaani saa 16.5, kwa hiyo unahitaji mechi kama 61. Raga ya wachezaji saba ndiyo itakayokuliza. Watu 7 kwa dakika 14 hawafiki hata saa mbili. Ukitaka saa 1,000 za mechi kwa timu moja, itabidi uhesabu mechi zaidi ya 600. Mwanafunzi anayeniletea wazo la kupima majeraha katika shindano moja la wikendi pale uwanja wa raga wa RFUEA, Ngong Road, humpa kikokotoo kwanza, kisha tunaendelea na maongezi.

Mazoezi nayo yaandike peke yake. Usiyachanganye na mechi, kwa maana mechi huumiza zaidi, na ukichanganya utapata wastani usiomfaa yeyote.

Daftari lenyewe liwe na safu hizi: tarehe, mechi au mazoezi, wachezaji wangapi na dakika ngapi, aliyeumia (nambari yake tu), sehemu ya mwili, kulia au kushoto, ni jeraha jipya au la zamani limerudi, aligongana na mtu au la, uwanja ni nyasi, nyasi bandia au vumbi, na tarehe ya kurudi mazoezini kikamilifu. Safu ya mwisho ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo yenye uzito. Wataalamu wa soka walikubaliana mwaka 2006 kwamba ukubwa wa jeraha upimwe kwa siku alizokosa mchezaji: siku 1 hadi 3 ni dogo sana, 4 hadi 7 ni dogo, 8 hadi 28 ni la wastani, zaidi ya 28 ni kubwa. Bila tarehe ya kurudi, aliyegongwa kiwiko na aliyekatika kano ya goti watalingana kwenye jedwali lako.

Hatua ya tatu: nenda bila fomu

Utafiti wangu wa kwanza ulikuwa na timu moja ya soka ya Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi. Nilifika siku ya kwanza na bahasha ya fomu, nikiwa nimevaa viatu vya ofisini. Kocha akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akanivuta kando.

"Daktari, ukiandika kwamba huyu ana goti, mwenye timu ataniuliza kwa nini nilimchezesha."

"Kocha, jina lake halitaonekana popote. Nitaandika nambari."

"Nambari tisa kila mtu anaijua."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimetumia nambari za jezi! Tangu siku hiyo natumia nambari za kubuni, na orodha inayoziunganisha na majina naifungia mahali pengine.

Wachezaji nao walikuwa na sababu yao ya kunyamaza. Katika timu nyingi za mtaa, posho hupewa anayecheza. Ukisema paja linavuta, unakaa benchi, na ukikaa benchi unarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo majeraha madogo hufichwa, na mtafiti asiyejua hilo ataandika kwamba timu ina afya njema.

Ninachofanya sasa: nahudhuria mazoezi mara tatu au nne bila karatasi yoyote. Nabeba koni, nasaidia kukusanya mipira, namsalimu mzee anayetunza uwanja, maana huyo anajua kila aliyetolewa akichechemea tangu mwaka jana. Kisha naketi na kocha na nahodha, tunaandikiana kwamba habari ninazokusanya hazitatumika kuchagua kikosi. Ndipo fomu zinatoka mkobani.

Hatua ya nne: uliza kwa Kiswahili cha uwanjani

Hojaji nyingi huandikwa kwa Kiingereza, kisha hutafsiriwa usiku wa kuamkia utafiti. Matokeo yake ni vichekesho. Niliwahi kuuliza vijana ishirini, "Umewahi kujeruhiwa msimu huu?" Karibu wote wakasema hapana. Kwao kujeruhiwa ni kisu, ni ajali ya boda, ni damu. Nilipobadilisha swali kuwa "Umewahi kuumia hadi ukakosa mazoezi?" hadithi zikamiminika. Mmoja alinionyesha kifundo kilichovimba kama embe.

Kuna hili pia: mguu wa Kiswahili unaanzia kiunoni na kuishia kwenye vidole. Mkono vilevile. "Nimeumia mguu" haijazi safu yoyote ya daftari lako. Chora mwili wa mtu mbele na nyuma, mpe mchezaji kalamu, atie alama. Na usiandike "mtikisiko wa ubongo" ukadhani umeeleweka. Uliza: uligongwa kichwa ukaona nyota? Ulisahau matokeo? Ulitaka kutapika? Anayejibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo harudi uwanjani siku hiyo. Hapo utafiti unasimama kwanza, mtu anatafutiwa daktari.

Jaribu hojaji kwa watu watano kabla ya kuwapa hamsini. Ni kazi ya jioni moja tu.

Hatua ya tano: vibali, kwa mpangilio wake

Pendekezo lako la utafiti lipite idarani, kisha kamati ya maadili, kisha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kwa leseni ya utafiti, kisha wenye mahali unapokwenda: shule, klabu, au ofisi za kaunti. Usiruke ngazi. Kamati ya maadili haibariki kilichokwisha kukusanywa. Nilijua hilo kwa gharama: nilipokuwa mwanafunzi nilikusanya habari za miezi miwili nikisubiri barua, barua ikaja na tarehe yake, na kila kilichotangulia tarehe hiyo nikakitupa. Nisingeweza kulaumu mtu.

Ukifanya kazi na wachezaji wa sekondari, walio chini ya miaka 18, mzazi au mlezi anatia sahihi, na mtoto mwenyewe naye anaulizwa kama anakubali. Mwalimu mkuu hawezi kuwakubalia wote kwa mkupuo, hata akisema anaweza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inakuhusu: habari za afya ni nyeti, kwa hiyo usizitume kwenye kundi la WhatsApp la timu. Nimeona picha ya goti la mtu, jina na yote, ikizunguka simu hamsini kabla ya chakula cha mchana.

Kama somo lako linagusa dawa za kusisimua misuli, vidonge vya nguvu, hata sindano za maumivu kabla ya mechi, fikiria mapema utafanya nini mchezaji akikukiri jambo. Kenya ina sheria ya kupambana na dawa hizo tangu 2016 na shirika lake, ADAK. Mweleze mshiriki mipaka ya siri kabla hajafungua mdomo.

Hatua ya sita: pima kwa ulicho nacho

Sasa mashine. Iwapo huna, kuna kipimo cha Kenneth Cooper, Mmarekani aliyekitangaza mwaka 1968: mtu anakimbia dakika 12, unapima umbali. Toa 504.9 kutoka mita alizokimbia, ugawe kwa 44.73, unapata makadirio ya uwezo wa mwili kutumia oksijeni. Aliyekimbia mita 3,000, yaani mizunguko saba na nusu ya uwanja wa mita 400, anapata karibu mililita 55.8 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Kinachohitajika ni saa ya kupimia muda, koni na filimbi.

Tahadhari moja ambayo vitabu vya ng'ambo havikusisitizii: Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyembamba kuliko Mombasa, na mtu yuleyule atakimbia umbali mfupi zaidi huku kwetu. Ukilinganisha timu ya Nairobi na ya Pwani bila kulitaja hilo, umelinganisha miji, hukulinganisha watu. Usichukue pia majedwali ya wanajeshi wa Marekani ukayafanya kipimo cha wasichana wa Kangemi.

Miinuko ndiyo iliyowaleta wageni kwa wingi. Baada ya Kipchoge Keino kushinda mita 1,500 kule Mexico City mwaka 1968, mjini kulikoinuka zaidi ya mita 2,200, swali la kwa nini Wakenya hukimbia hivi halijalala. Mwaka 1990 Bengt Saltin, mwanafiziolojia wa Sweden, alikuja na wenzake kuwapima wakimbiaji wa Bonde la Ufa. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake, Boit akiwemo, walichapisha utafiti wa chakula cha wakimbiaji kumi wa kiwango cha juu: zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitokana na wanga, ugali ukiwa mbele, na sukari ya chai ikichangia sehemu isiyo ndogo. Napenda kuufundisha utafiti huo kwa sababu mbili. Uliongozwa na Mkenya, na ulihitaji mizani ya jikoni, subira na watu kumi waliokubali sahani zao zipimwe kwa siku saba. Nami huwakumbusha wanafunzi kwamba kumi ni kumi. Usipate humo ruhusa ya kumjazia sukari kila mtoto wa shule.

Hatua ya saba: shahada za juu na fedha

Uzamili ni miaka miwili kwenye karatasi. Jiandae kwa mitatu. Uzamifu ni mitatu kwenye karatasi, na hapo sitaki kukuogofya. Vyuo vikuu vingi hutaka uzamifu kwa mhadhiri. Mwenye uzamili huajiriwa ngazi ya chini, akifundisha huku akisoma. Kupanda kutoka hapo kunategemea machapisho na wanafunzi uliowasimamia hadi wakahitimu.

Chagua msimamizi kabla ya kuchagua mada. Uliza wanafunzi wake waliomaliza: alikuwa akirudisha sura baada ya muda gani? Profesa mwenye jina kubwa anayekaa na sura yako miezi minane atakuzeesha. Mhadhiri asiyejulikana anayekurudishia baada ya wiki mbili, ikiwa na wino kila ukurasa, mshike kwa mikono miwili.

Fedha hutafutwa sehemu nyingi. Kuna Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Kuna DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo lenye ofisi hapa Nairobi, na ufadhili wa Jumuiya ya Madola. CARTA, mpango wa kukuza watafiti wa Afrika unaoendeshwa kwa sehemu kutoka APHRC, kituo cha utafiti wa afya hapahapa jijini, umesaidia wahadhiri wa vyuo wanachama kufanya uzamifu wa afya ya jamii, na majeraha ya vijana yanaweza kuingia humo ukijua kuyaeleza. Wanaotaka tiba ya michezo hasa huelekea Afrika Kusini, Cape Town au Pretoria. Shirika la kimataifa la kupambana na dawa michezoni, WADA, nalo hufadhili tafiti za mada yake. Bajeti yako isisahau nauli ya wachezaji, maji ya kunywa, na ada ya kutuma M-Pesa. Vitu vidogo, lakini washiriki sitini mara wiki kumi na mbili vinakumaliza mfukoni.

Hatua ya nane: kuchapisha bila kuibiwa

Utapata barua pepe ikikuita "Profesa mheshimiwa", ikikuahidi kuchapisha makala yako ndani ya siku tano kwa ada. Ifute. Tafuta jarida hilo kwenye PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya makala za tiba, au orodha ya DOAJ ya majarida yanayosomwa bure. Muulize mkutubi, atafurahi kuulizwa kitu. Jarida la Afrika Kusini la tiba ya michezo ni mahali pazuri pa kuanzia kuliko kukataliwa mara sita na lile la Uingereza.

Wizi wa pili huja umevaa suti. Mgeni anataka kushirikiana: wewe utafute wakimbiaji, upate vibali, utafsiri, uendeshe gari hadi Iten, mji wa wakimbiaji kule Bonde la Ufa. Yeye atachukua sampuli za damu na kuandika. Mwishoni jina lako liko kwenye shukrani, pamoja na dereva. Nilishukuriwa hivyo mara mbili. Sasa, kabla ya kikao cha pili, naomba tuandike nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala ipi, habari ghafi zitabaki wapi, na kama damu inatoka nchini, mkataba wa kuhamisha sampuli uwe umeidhinishwa. Mshirika wa kweli hatia sahihi kwa kinyongo. Anayesema "tutaongea baadaye" amekwisha kukujibu.

Hatua ya tisa: rudi na ukurasa mmoja

Tasnifu ina kurasa mia mbili, na kocha hatazisoma. Mwandikie ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, herufi kubwa. Ule wangu kwa timu ya Eastlands ulikuwa na mambo matatu tu, la kwanza likiwa hili: wengi walioteguka kifundo walikuwa wameteguka kifundo hichohicho hapo awali, na walikuwa wamerudishwa kucheza mapema. Kocha alisoma akiwa amesimama, akaurudia, akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

Nikamwonyesha zoezi la kusimama kwa mguu mmoja, dakika chache kila siku kabla ya mazoezi, na utaratibu wa kupasha misuli moto ule wa mpango wa FIFA wa kuzuia majeraha, dakika ishirini bila kifaa chochote ghali. Nikamwachia daftari jipya.

Msimu uliofuata nilipita bila taarifa. Alikuwa analijaza mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, na alikuwa amechora safu moja zaidi ambayo mimi sikuifikiria: mvua.